Trekta likigoma msimu wa kulima: pampu ya dizeli, na wakati wa kuileta Kampala

Je, trekta la kikundi chenu limezima katikati ya shamba na watu wanasema "pampu imekufa"? Kabla hamjachanga hata shilingi moja, soma maelezo haya. Tumeona vikundi vikitumia pesa ya mbegu kutengeneza pampu ambayo haikuwa na ubaya wowote. Tumeona pia vikundi vyenye pampu mbovu kweli vikiifungua chini ya mwembe kwa bisibisi, na pampu iliyohitaji sili mpya tu ikageuka chuma chakavu.

Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa, familia nyingi katika makazi zinategemea kilimo kuliko zamani. Kiwanja ulichopewa mara nyingi hakitoshi, ndiyo maana vikundi vya wakimbizi na wenyeji hukodi ardhi kwa pamoja na kuitafutia trekta kuukuu. Mvua za kwanza huanza karibu na Machi, za pili karibu na Agosti au Septemba. Trekta likilala wiki mbili wakati huo, ardhi mliyoilipia inabaki na majani mpaka msimu mwingine.

Maelezo haya hayakufanyi kuwa fundi wa pampu. Yatakusaidia kujua ni kipi unaweza kufanya mwenyewe shambani, ni kipi usiguse, na jinsi ya kusimama mbele ya fundi Kampala bila kudanganywa.

Pampu hii inafanyaje kazi?

Mengi ya matrekta ya zamani utakayoyakuta yakilima ni Massey Ferguson 135, 165 na 240, au Ford 3000. Ubavuni mwa injini zake kuna pampu ndogo ya mviringo, kwa kawaida aina ya DPA ya kampuni ya CAV, ambayo ilianza kutengenezwa Uingereza miaka ya 1950. Ukiona paipu nyembamba za chuma zinatoka kwenye kichwa kimoja cha mviringo na kwenda kila moja kwenye nozeli yake, ndiyo hiyo. Kama paipu zinatoka zikiwa zimejipanga kwenye mstari mmoja, kama kwenye Ford 5000 nyingi, hiyo ni pampu ya aina nyingine. Ushauri wa usafi na wa kuchagua fundi ni uleule, lakini skrubu za kutolea hewa ziko mahali pengine.

Dizeli (mazuti, kama wengi kutoka Kongo wanavyoiita) huvutwa kutoka tangi na pampu ndogo yenye kiwiko cha mkono, iliyofungwa kwenye injini. Hupita kwenye filta, kisha huingia kwenye pampu kubwa. Humo ndani kuna vibao vidogo vinavyozunguka na kuongeza mgandamizo kidogo, kisha rota yenye planja ndogo huisukuma dizeli kwa nguvu kubwa sana kwenda kwenye nozeli, moja baada ya nyingine. Rota hiyo na hedi inamozunguka zimesagwa pamoja kiwandani, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele. Hakuna oili humo. Kinacholainisha kila kitu ni dizeli yenyewe inayopita.

Ukielewa jambo hilo moja, umeelewa karibu kila kinachoua pampu hii. Maji yakiingia, rota inashika kutu. Vumbi likiingia, inakwaruzika. Mtu akichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli ili apate faida, pampu inazunguka karibu kavu. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, zinatumia kiwango cha dizeli yenye salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni. Hilo ni jema kwa mapafu yetu, lakini usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia sehemu ya ulaini wa asili wa dizeli, na ulaini huo hurudishwa kwa dawa maalumu kabla haijafika kituoni. Dizeli ya bei rahisi ya kando ya barabara, iliyotiwa mafuta ya taa, inaivuruga hesabu hiyo yote.

Anza na vitu visivyo na gharama

Kwanza angalia waya wa kuzimia. Mengi ya matrekta haya hayazimwi kwa ufunguo; kuna kitasa unachokivuta. Waya wake ukikwama kwa kutu, mkono mdogo ulio kwenye pampu hubaki mahali pa kuzima hata ukisukuma kitasa mpaka mwisho. Usitazame kitasa. Nenda kwenye pampu yenyewe, utazame ule mkono, uusukume kwa kidole.

Kisha fuata njia ya dizeli kuanzia tangi. Fungua paipu inapoingia kwenye pampu ndogo ya kuvuta, weka chombo chini, fungua bomba la tangi. Dizeli inapaswa kutiririka bila kusita. Ikidondoka tone kwa tone, tundu la tangi limeziba. Kama injini huwaka vizuri kisha huzima baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tangi uijaribu tena: kitundu cha hewa kwenye kifuniko kikiziba, tangi hushindwa kupumua na dizeli haitoki.

Nilifuatana na mwenyekiti wa kikundi kimoja aliyeleta pampu yao Kampala kwa basi, akiwa ameipakata kama mtoto. Fundi aliifunga kwenye benchi ya kupimia, akaizungusha, akasema haina tatizo, akadai malipo yake ya kupima. Pampu ikarudi, ikafungwa, trekta likagoma vilevile. Siku ya tisa mzee mmoja mwenyeji, mwenye shamba la jirani, aliuliza kifuniko cha tangi kilikwenda wapi. Kilikuwa kimepotea siku nyingi, na dereva alikuwa anaziba kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa ndani ya tangi, kimekaa juu ya tundu.

Baada ya tangi, angalia filta. Kama ina kikombe cha kioo chini, utaona maji yamekaa chini ya dizeli, yamwage. Kama hujui filta ilibadilishwa lini, ibadilishe. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kazi yoyote ya pampu, na huo ndio ununuzi pekee ninaokushauri ufanye kabla hujajua ugonjwa.

Halafu pampu ndogo ya kuvuta. Sukuma kiwiko chake kwa mkono. Ukiona hakina uzito wowote, usiilaumu bado: zungusha injini mzunguko mmoja ujaribu tena, kwa sababu huenda kamu iliyo ndani imekishikilia. Ndani yake kuna dayaframu ya mpira. Ikipasuka, dizeli hushuka kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia oili: kama oili imepanda kupita alama, ni nyepesi na inanuka dizeli, usiwashe injini hiyo kabisa. Oili ya namna hiyo hailainishi tena, na injini inaweza kuanza kuinywa na kukimbia bila kuzimika.

Mwisho, tazama moshi wakati mwenzako anazungusha stata. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika kwenye silinda lakini haiwaki, na tatizo linaweza kuwa mgandamizo wa injini, betri dhaifu inayozungusha polepole, au majira ya pampu. Ikiwa hakuna moshi wowote, dizeli haifiki. Mara nyingi sababu ni hewa.

Kutoa hewa

Trekta likiishiwa dizeli, au ukibadilisha filta, hewa huingia kwenye njia. Pampu haiwezi kusukuma hewa kwenye nozeli. Inaibana tu na kuiachia. Watu wengi humaliza betri hapa, kisha huita fundi.

Safisha kwanza sehemu zote utakazozifungua, kwa brashi na dizeli safi. Legeza skrubu ya juu ya filta, sukuma kiwiko cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Nenda kwenye pampu kubwa. Ina skrubu mbili za hewa: moja ubavuni, karibu na hedi zinakotoka paipu nyembamba, na nyingine juu, kwenye kifuniko cha gavana. Zilegeze zote mbili na uendelee kusukuma kiwiko. Mapovu yakiisha, kaza ile ya ubavuni kwanza, kisha ile ya juu. Legeza nati ya paipu inayoingiza dizeli kwenye pampu, sukuma tena mpaka mapovu yaishe, kaza.

Sasa legeza nati za paipu nyembamba kwenye nozeli mbili, zungu moja tu. Weka mkono wa mafuta mpaka mwisho, hakikisha kitasa cha kuzimia kiko mahali pa kuwasha, mwenzako azungushe stata. Dizeli ikianza kuruka bila hewa, kaza nati hizo na uwashe. Usizungushe stata mfululizo. Iache ipoe kati ya jaribio na jaribio.

Hewa ikirudi kila siku, kuna mahali inavutwa: washa ya shaba iliyochoka, paipu yenye ufa, nati isiyokaza. Ili kujua kama tatizo liko kabla ya pampu, tundika jerikeni safi yenye dizeli juu kuliko pampu, uunganishe paipu ya plastiki inayoonyesha ndani moja kwa moja kwenye mdomo wa filta, kisha utoe hewa na uwashe. Trekta likifanya kazi vizuri hivyo, pampu yako ni nzima na ugonjwa uko nyuma, upande wa tangi.

Hatari moja ambayo lazima uijue

Dizeli inayotoka kwenye paipu nyembamba au kwenye nozeli ina mgandamizo mkubwa mara nyingi kuliko wa gurudumu la trekta. Ikivuja kama uzi mwembamba, inaweza kupenya ngozi bila maumivu makubwa na kuacha kitundu kama cha sindano. Usitafute mvuja kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Mtu akichomwa hivyo, aende hospitali mara moja, hata kama anasema hajaumia, na amwambie daktari waziwazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa nguvu. Mkono unaweza kupotea kwa kusubiri mpaka kesho, na panado haisaidii.

Utajuaje kwamba sasa ni pampu kweli?

Dizeli inavuja kwenye mhimili wa mkono wa mafuta au chini ya kifuniko cha juu: hizo ni oringi na gasketi, ugonjwa wa kawaida wa uzee. Oili inapanda lakini dayaframu ya pampu ndogo ni nzima: sili ya mhimili wa pampu kubwa inaweza kuwa imechoka. Trekta linawaka asubuhi likiwa baridi, lakini likizimwa likiwa na joto haliwaki tena mpaka lipoe: hapo rota na hedi zimelika, kwa sababu dizeli yenye joto ni nyepesi na inapita pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli. Hiyo ya mwisho ndiyo habari mbaya, maana dawa yake ni hedi na rota mpya kwa pamoja, na hicho ndicho kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote ndani ya pampu.

Silinda moja ikikosa, legeza nati za paipu moja baada ya nyingine injini ikiwa inaunguruma polepole. Nati ambayo ukiilegeza injini haibadiliki, silinda yake ndiyo haifanyi kazi. Badilishana nozeli na ya jirani. Tatizo likihama pamoja na nozeli, peleka nozeli, iache pampu mahali pake.

Kuing'oa

Funga bomba la tangi na uoshe pampu na sehemu zote zinazoizunguka. Usiimwagie maji baridi ikiwa moto. Hedi hujikaza haraka kuliko mahesabu na rota inaweza kugandamana. Tafuta mstari uliochongwa kwenye ukingo wa pampu na mwenzake kwenye injini. Mistari hiyo ndiyo majira ya injini yako. Kama huioni, chonga wa kwako kwa patasi kali kabla hujalegeza nati hata moja. Piga picha kwa simu kutoka pande zote. Andika namba kwenye paipu, ziba kila tundu kwa plastiki safi, kisha fungua nyaya na nati. Usizungushe injini pampu ikiwa imetoka.

Usiguse skrubu zilizofungwa kwa waya na risasi, na usifungue kifuniko. Mwage dizeli iliyomo, ifunge kwa nailoni na nguo, uiweke kwenye boksi. Dereva wa basi hatakubali kitu kinachodondosha mafuta, na ana haki.

Ukifika Kampala

Beba kitambulisho chako cha mkimbizi. Kama ombi lako la hifadhi bado halijaamuliwa, uliza ofisi ya OPM ya makazi yako kuhusu barua ya safari kabla hujaondoka. Ukitoka upande wa Nakivale, Barabara ya Masaka inaingia mjini kupitia Natete na Ndeeba, na Ndeeba imejaa gereji. Katwe iko mbele kidogo. Soko la Kisekka, chini ya Old Kampala, ndilo watu wengi hulijua kwa spea.

Kisekka ni mahali pa kununua spea. Kwa kutengeneza pampu, tafuta karakana. Hata Katwe lazima uchague. Jina la Katwe lilikua miaka ya 1970, baada ya wafanyabiashara Waasia kufukuzwa mwaka 1972 na spea kuadimika, mafundi wake walipokuwa wakijichongea wenyewe vitu ambavyo havikuletwa tena. Kwa plau, geti na mashine ya kusaga, sifa hiyo ni ya haki mpaka leo. Rota ya pampu haichongwi kwa tupa.

Swali la kwanza kwa fundi yeyote ni hili: "Benchi ya kupimia iko wapi?" Ni mashine kubwa inayozungusha pampu na kumimina dizeli ya kila paipu kwenye mrija wake wa kioo, ili aone kama zinalingana. Asiye nayo atakuambia ataipeleka kwa rafiki yake. Basi mwombe akuelekeze kwa huyo rafiki, uende mwenyewe. Pampu iliyofunguliwa na kufungwa bila kupimwa ni bahati nasibu, hata kama fundi ana mikono mizuri.

Mwonyeshe kibati cha namba. Kwa DPA namba hiyo kwa kawaida huanza na 32, na tarakimu ya tatu huonyesha idadi ya silinda. Kwa namba hiyo fundi hutafuta vipimo vya pampu yako: mgandamizo wa ndani, kiasi cha dizeli kwa kila mwendo, mwendo wa juu kabisa. Kama hataki hata kuitazama namba, chukua pampu yako uondoke.

Omba ifunguliwe ukiwepo. Mafundi waaminifu hawakatai. Ni kazi ya saa chache, na utakaa kwenye benchi na chai yako. Utaona mwenyewe kama rota ina mikwaruzo ya kuhisika kwa ukucha, kama vibao vimelika, kama kuna kutu. Kama rota ni safi, unahitaji seti ya oringi, gasketi na sili, na vipimo. Kama imekwaruzika, usikubali rota ya pampu nyingine iingizwe kwenye hedi yako. Hizo mbili huzaliwa na kufa pamoja. Spea za Massey Ferguson hizi bado zinapatikana kwa sababu India na Pakistan ziliendelea kuunda matrekta ya aina hiyo miaka mingi baada ya Uingereza. Ubora wa hedi hutofautiana sana, na jina lililoandikwa kwenye boksi si uthibitisho. Uliza bei ya mbili au tatu, uliza fundi atatoa dhamana kwa ipi, iandikwe kwenye risiti.

Risiti iwe kwa jina la kikundi. Spea zilizotolewa rudi nazo nyumbani, hata zikiwa takataka. Zinawaonyesha wenzako pesa ilikwenda wapi, na vikundi vingi vinavyovunjika havivunjiki kwa sababu ya trekta, vinavunjika kwa sababu ya hesabu ya trekta. Baada ya vipimo, hakikisha skrubu ya kiasi cha dizeli imefungwa upya kwa waya na risasi. Dereva atatamani kuifungua ili trekta "livute zaidi". Litavuta kidogo, litatoa moshi mweusi, litakula dizeli na kuchemsha injini.

Kuirudisha

Kwa kawaida mhimili wa pampu una jino moja lililo tofauti na mengine, kwa hiyo unaingia kwa namna moja tu. Usiulazimishe kwa nyundo. Zungusha mhimili taratibu mpaka uingie wenyewe. Linganisha mistari ya majira kabla ya kukaza. Weka filta mpya siku hiyohiyo, osha tangi, toa hewa kama ilivyoelezwa hapo juu. Washa, acha iungurume, kagua kila kiungo kwa kipande cha boksi, zima, kisha pima oili. Pima tena baada ya siku ya kwanza ya kulima.

Jerikeni ya dizeli iwe ya dizeli tu, si ile iliyochota maji jana. Iache itulie usiku kucha, mimina kupitia kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na yale mabaki ya chini usiyamimine. Jazeni tangi jioni baada ya kazi, si asubuhi, kwa sababu tangi lenye nafasi hukusanya umande ndani. Na nunueni kifuniko.